Ukifa, Gemu Inakufanyia Nini?

Barua za toleo hili zimezidi nafasi niliyopewa. Nyingi zinatoka pande mbili: wapenzi wa gemu za risasi zenye sura ya miaka ya 90, na wazazi wanaotafuta gemu ya bure ya familia isiyoficha mtego ndani yake. Nimechukua zilizouliza jambo mahususi.

Dada, kila gemu ya risasi unayoisifu ina picha za vimiraba kama za zamani. Nimetoka kununua kadi mpya ya grafiki na naona ni hasara kuitumia kwa hizo. Kuna nini humo nisichokiona? Na nikitaka kujaribu, nianze na ipi?
*Kijana mwenye kompyuta mpya*

Anza na Dusk. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2018, siku ambayo Doom, ile gemu maarufu ya risasi ya zamani, ilitimiza miaka 25, na sehemu kubwa ya kazi aliifanya mtu mmoja, David Szymanski. Unajikuta kwenye chumba cha chini ya nyumba, mikononi una miundu miwili, na wanaume watatu wenye misumeno ya injini wanakujia. Hakuna anayekueleza ubonyeze wapi. Unasogea au unakatwa, basi.

Hicho ulichokiita hasara ndicho kinachoifanya ichezeke. Maadui wa Dusk wana pembe kali kama waliochongwa kwa panga, na kila aina ina umbo ambalo hulichanganyi na jingine hata gizani, hata kwa mbali. Ukiingia ukumbini ukawakuta kumi na tano, jicho linakuambia mara moja nani anarusha moto, nani anakuja na msumeno, na nani unaweza kumwacha awe wa mwisho. Moto wenyewe unakuja kwa mwendo unaokwepeka ukipiga hatua ya pembeni. Gemu nyingi za kisasa zenye picha za kisinema zinakunyima nafasi hiyo. Kuna vumbi, majani, vivuli, adui amevaa rangi ya ukuta, na risasi inakufikia papo hapo. Matokeo yake unajibanza nyuma ya kifusi ukisubiri afya irudi yenyewe. Kwenye Dusk hairudi kwa kusubiri. Imewekwa chumba cha pili, na kati yako na chumba hicho kuna watu. Miguu yako ndiyo ngao.

Halafu kuna vitu vidogo vinavyoonyesha kwamba mtengenezaji alikuwa anacheza pamoja nawe. Ukikuta kipande cha sabuni mahali, kiokote. Ukimrushia adui anakufa hapo hapo, hata awe mkubwa namna gani.

Usidhani gemu za namna hii zote ni kitu kimoja. Injini ya Doom ya 1993, yaani programu inayoiendesha gemu, haikuweza kuweka chumba juu ya chumba kingine, na bunduki ilijilenga yenyewe juu na chini. Ndiyo maana ramani zake zinatumia ngazi, lifti na madirisha ili uamini kwamba uko ndani ya jengo la ghorofa. Quake ya 1996 ndiyo iliyozifungua pande zote tatu, na Dusk ni mtoto wa Quake. Ion Fury ya 2019 ina asili nyingine kabisa: imejengwa kwa Build, injini ile ile iliyoendesha Duke Nukem 3D mwaka 1996. Ukimaliza Dusk nenda huko, utazame mji mzima uliojengwa kwa vimiraba, wenye mabango ya kusoma na milango ya siri ambayo mtu amekaa akaifikiria.

Kadi yako mpya itafanya kazi nzuri hapa kwa njia nyingine. Kama skrini yako inafika fremu (yaani picha) 144 kwa sekunde, gemu hizi zitazijaza zote bila kukwama, na kwenye gemu ya kasi namna hii utalihisi hilo mkononi kuliko vivuli vizuri vyovyote.

Boltgun uliipa alama za wastani. Mimi nimeimaliza na sijacheza gemu ya risasi bora kuliko hiyo. Prodeus ukaisifu, wakati humo mtu hata kufa hafi. Unapima kwa kipimo gani?
*Askari wa angani*

Ndugu yangu, alama za Boltgun zinabaki. Tuanze na tunayokubaliana. Auroch Digital walipoitoa Mei 2023 walikuwa wamelipatia jambo ambalo wengi hulikosa: uzito. Hatua za buti zinasikika, bunduki inanguruma, adui anasambaratika, na kuna kitufe kizima kilichotengwa kwa ajili ya kuwafokea maadui. Dakika kumi za katikati ya vita vya Boltgun ni tamu kuliko chochote katika aina hii.

Tatizo linaanza vita vikiisha. Umesafisha ukumbi, mlango unataka ufunguo, na makorido yote yana rangi moja. Unazunguka. Gemu ilitoka bila ramani ya kufungua, wakati Doom ilikuwa nayo kwenye kitufe cha Tab tangu 1993. Gemu ya risasi inayokutembeza kimya kimya kutafuta mlango imekupotezea ladha yote iliyoipika, na sehemu ya kati ya Boltgun inafanya hivyo mara nyingi mno.

Sasa kipimo. Nikikagua gemu yoyote, iwe ya risasi au ya watoto wadogo, naangalia kwa makini inamfanyia nini mchezaji anaposhindwa. Hapo ndipo mtengenezaji anaonyesha anamchukuliaje mtu aliyeshika kibodi. Doom ikikuua inakurudisha mwanzo wa hatua hiyo ukiwa na bastola na risasi 50, na kila ulichokusanya kimekwenda. Ni adhabu kali, lakini ni ya haki, kwa sababu ramani zile zilipangwa ili mtu aweze kuzianza na bastola tu. Wapo wanaozicheza hivyo kwa hiari mpaka leo, kila hatua bastola mkononi. Ukirudi mara ya pili unajua bunduki ya marisawa iko wapi, unajua nani anasubiri nyuma ya ukuta. Kifo kimekufundisha chumba.

Kuhusu Prodeus ya 2022 una hoja. Ukifa unarudi kwenye kituo cha karibu, na wote uliokwisha kuwaua wanabaki wamekufa. Mtu anaweza kushinda kwa kusukuma tu, afe, arudi, afe tena. Kasoro hiyo niliitaja na naitaja tena. Kilichoipandisha alama ni kwamba ramani yake unaizungusha pande zote na kuisoma bila shida, na kwamba imekuja na zana ya kutengeneza hatua zako mwenyewe, ile ile ya ndani ya gemu, na wachezaji wameitumia kujenga hatua nyingine nzuri sana. Mimi naicheza kwa sharti langu: nikifa naanza hatua upya. Ijaribu hivyo kabla hujaitupa.

Na ukitaka kuona swali hilo la kifo likijibiwa kwa akili kubwa, cheza Ultrakill. Humo damu ya adui ndiyo dawa yako, na inakuponya ukiwa karibu naye tu. Afya ikishuka, mwili mzima unataka kukimbia nyuma, na gemu inakuambia nenda mbele. Sijakutana na gemu nyingine ya risasi iliyougeuza woga namna hiyo kwa kanuni moja.

Nina watoto wawili, mmoja miaka 6 na mwingine 9. Gemu za bure kwenye simu zimenichosha: kila baada ya dakika tangazo, au mtoto analia anataka mioyo inunuliwe. Hivi kuna gemu ya bure iliyo bure kweli? Tuna laptopu moja ya zamani.
*Mama wa wawili*

Ipo, mama, tena zaidi ya moja, na laptopu yako ya zamani inatosha.

Kwanza tuitazame hiyo mioyo. Mtoto akishindwa, moyo unapungua. Ikiisha, skrini inamwambia asubiri au alipe. Kwa hiyo anayeuza mioyo anapata pesa pale tu mtoto wako anaposhindwa, na hatua ngumu kupita kiasi, ile inayomliza, imewekwa ikijua hivyo. Ndiyo maana usitafute gemu ya mioyo iliyo na adabu zaidi. Achana na aina hiyo nzima.

Upande wa pili kuna gemu za programu huria, zinazotengenezwa na watu wa kujitolea na kutolewa pamoja na msimbo wake. Haziuzi kitu wala hazina matangazo. Ya kwanza kuipakua ni SuperTuxKart, mashindano ya vigari, inayokwenda kwenye Windows, Linux, Mac na Android. Madereva ni wahusika walio nembo za miradi ya programu huria, akiwamo Tux, yule pengwini wa Linux. Kuna kisa chepesi cha kumwokoa Gnu aliyetekwa na Nolok, na kinafungua njia mpya kadiri mtoto anavyoendelea. Silaha zake ni keki ya kurusha, mpira wa kubingirisha, na bazoka ya kutafuna inayoachwa barabarani. Hakuna anayeumia.

Nimeicheza sana na wapwa zangu, wakubwa kwa wadogo, kwa hiyo nakuambia na mabaya yake. Barabara zake hazilingani: nyingine zimepambwa vizuri, nyingine zinaonekana wazi kuwa za miaka ya nyuma. Gari linakuwa gumu kwenye kona mpaka mtoto azoee kuteleza, na wa miaka 6 ataligonga ukuta muda mrefu kabla hajafurahi. Mwekee ugumu wa chini kabisa. Kisha gawa skrini wacheze wawili kwenye laptopu moja, mkubwa upande mmoja wa kibodi na mdogo upande mwingine. Hapo ndipo gemu hii inapokuwa bora. Anayeshika mkia anabonyeza kuanza upya, na hakuna dirisha linalofunguka kumwomba kitu. Sehemu ya mtandaoni iliyoongezwa kwenye toleo la 1.0 mwaka 2019 iache imefungwa, kwa sababu huko watakutana na wageni.

Kwa huyo wa miaka 6 peke yake, weka GCompris na Tux Paint. GCompris ilianza mwaka 2000 na ina mazoezi zaidi ya 100 kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, kuanzia kushika kipanya na kutafuta herufi kwenye kibodi hadi hesabu na sataranji. Sura yake haipendezi kama za madukani, lakini mtoto akikosea anaambiwa ajaribu tena, na zoezi linamsubiri. Tux Paint ni ya kuchora tu, yenye mihuri na sauti. Mtoto hashindwi humo, na kwa umri huo ni jambo jema.

Wa miaka 9 ataanza kuulizia zile anazocheza mwenzake. Rocket League, mpira unaochezwa na magari, ni ya bure tangu Septemba 2020. Fall Guys, mbio za vikwazo za viumbe wanene, ni ya bure tangu Juni 2022. Zote mbili nazipenda. Zinauza mapambo: rangi ya gari, mavazi. Pambo halimfanyi mtu ashinde, na ukishindwa unaingia mechi nyingine bila kulipa. Ila zinataka mtandao, kompyuta yenye nguvu kidogo, na mzazi aliyekaa na mipangilio kabla ya mtoto. Zima mazungumzo na watu asiowajua. Usiache kadi ya benki kwenye akaunti.

Hilo la kadi nalisisitiza kwa sababu. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, wenye Fortnite, watalipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja pesa, baada ya kuwashutumu kwa kupanga vitufe kiasi kwamba mtu aliweza kununua kitu bila kukusudia, kwa mbonyezo mmoja. Zaidi ya hapo kulikuwa na faini ya dola milioni 275 kuhusu taarifa za watoto. Kama watu wazima walibonyeza bila kukusudia, mtoto wa miaka 9 hana hatia hata kidogo akifanya hivyo.

Mwanangu ana miaka 11. Amesikia baba yake akiisimulia Doom na sasa anaitaka. Mwenzangu anasema ni ya zamani, picha zenyewe hazionekani vizuri, haina madhara. Unasemaje?
*Mzazi aliyebanwa*

Asubiri. Doom ina alama ya M ya bodi ya ESRB ya Marekani, yaani miaka 17 na kuendelea, na uzee wake haujaondoa maiti zilizotundikwa wala alama za kishetani kwenye kuta. Picha ni za vimiraba, lakini sauti za wanaokufa zinasikika vizuri kabisa.

Ila kiu ya mwanao naielewa, na inaweza kutulizwa. Mwaka 1996 ilitoka Chex Quest, gemu iliyojengwa juu ya injini ya Doom na kugawiwa kwenye CD ndani ya pakiti za nafaka za Chex. Ni makorido yale yale, funguo zile zile, kasi ile ile, lakini adui ni viumbe wa ute wa kijani, na chombo chako kinawarudisha kwao badala ya kuwaua. Mwaka 2020 ilitengenezwa upya kwa jina la Chex Quest HD, na kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, ni ya bure. Ni fupi. Mtoto wa miaka 11 ataimaliza haraka, atairudia, na atakuwa amejua ladha aliyokuwa anaisimulia baba yake.

Ipo na nyingine ya zamani zaidi, Super 3D Noah's Ark ya 1994, iliyotumia injini ya Wolfenstein 3D. Nuhu anatembea ndani ya safina akiwarushia wanyama chakula kwa manati mpaka wanalala. Kwa udadisi ni nzuri, ingawa inachosha mapema. Kama mna Nintendo Switch na mko tayari kulipa, Splatoon 3 ya 2022 inashinda zote hizi: timu mbili za watu wanne zinarushiana wino, na mshindi wa pambano la kawaida ni aliyepaka rangi eneo kubwa zaidi. Mtoto asiyejua kulenga anaweza kuibeba timu kwa kupaka sakafu tu.

Angalia jambo moja: Freedoom. Jina lake limewapoteza wazazi. Ni mradi huria unaotoa picha, sauti na ramani za bure za kutumia kwenye injini ya Doom, na ni kazi ya kupendeza, lakini damu imo. Bure na ya watoto ni mambo mawili. Na ukisoma alama za umri, za ESRB au za PEGI ya Ulaya, tazama pia kama wameandika kwamba gemu inauza vitu ndani yake. Bodi zote mbili zilianza kuweka alama hiyo mwaka 2018.

Shikamoo za vijana nazipokea, lakini gemu za kasi zinanipa kizunguzungu na kichefuchefu. Nina miaka 63. Niache?
*Mstaafu*

Shikamoo mzee wangu. Usiache kabla hujagusa mipangilio. Kizunguzungu hicho kinakuja kwa sababu macho yanaona mwili unakimbia, na sikio la ndani linasema umekaa kitini.

Tafuta sehemu ya upana wa uoni (FOV), yaani ukubwa wa eneo unaloliona kwenye skrini. Gemu nyingi za konsoli huuweka mwembamba, kwa kudhani umekaa mbali na televisheni. Ukiwa karibu na skrini ya kompyuta, peleka hadi nyuzi 90 au 100. Zima kutikisika kwa kichwa wakati wa kutembea. Zima ukungu wa mwendo (motion blur). Punguza kasi ya kipanya, washa taa ya chumbani, na simama mara tu dalili zinapoanza, usizivumilie, kwa kuwa zikishakolea zinaweza kukaa nawe kwa saa kadhaa.

Ultrakill usiiguse. Dusk utaiweza kwa sehemu kubwa, ila kuna nguvu humo inayokufanya upande kuta na kutembea darini, na picha nzima inageuka. Ukiiona, ipite haraka au funga jicho moja. Doom ya zamani kwa wengi ni nyepesi zaidi, kwa sababu hakuna kutazama juu na chini.

Je, ni sahihi kununua gemu ambayo bado inatengenezwa? Naitazama Selaco.
*Mwenye subira kidogo*

Nunua ukiridhika na kilichopo leo, bila kuhesabu kilichoahidiwa. Ultrakill iliuzwa hivyo kuanzia Septemba 2020, na hatua za mwanzo peke yake zilistahili bei. Selaco, iliyoanza kuuzwa Mei 2024, nayo imefika na sura ya kwanza iliyojaa: maadui wanaosemezana na kukuzunguka, vioo na samani zinazovunjika, vumbi linalobaki hewani baada ya mapambano. Imejengwa kwa GZDoom, injini iliyotokana na msimbo wa Doom uliofunguliwa mwaka 1997, lakini usidanganyike na asili hiyo. Inataka prosesa nzuri, na laptopu dhaifu itakwama kwenye kumbi kubwa. Kama unataka kisa chenye mwisho, subiri sura zilizobaki. Kama unataka mapambano, yapo tayari.